Mkopeshaji Asimame Nje ya Mlango



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaozifuatilia tafakari hizi za kila juma: nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya matengenezo ya paa la kigango, lakini jambo jingine limenitangulia mlangoni. Jumanne iliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mume na mke wa parokia yetu waliingia ofisini wakiwa wamekasirikiana kiasi kwamba kila mmoja aliketi kwenye ncha yake ya benchi. Waliyoniambia hawakuyasema katika Kitubio bali ofisini, mchana kweupe, nao wameniruhusu niyasimulie pasipo kutaja majina yao wala mahali wanapoishi.

Mume ni fundi seremala. Mke analima mahindi na, nyakati za asubuhi, anauza maandazi. Si matajiri wala si mafukara; ni watu kama wengi wetu. Ugomvi wao ulikuwa mwepesi kuusimulia na mgumu kuuamua. Kwa miezi mitatu mfululizo unga ulikuwa umekwisha nyumbani kabla ya wakati wake, mtaji wa maandazi ukawa unaliwa, na hakuna aliyeweza kueleza fedha zilikokwenda. Mke alishuku kwamba mumewe ana nyumba ndogo. Mume alishuku kwamba mkewe anawalisha ndugu zake kwa siri. "Baba Paroko," akasema yule mama, "huyu hanywi pombe, namshukuru Mungu. Mimi sijanunua hata kanga. Hatujaongeza kiti wala sufuria. Sasa pesa inatokea mlango gani?"

Niliwaomba simu zao. Hawakupenda, na mimi mwenyewe niliona haya kidogo, maana simu ya mtu siku hizi ni chumba chake cha ndani. Hata hivyo walizitoa, tukazifungua jumbe za miamala moja baada ya nyingine, tukaziandika katika kurasa za nyuma za daftari kuukuu la zaka. Kazi hiyo ilituchukua karibu saa mbili.

Hapakuwa na nyumba ndogo. Hapakuwa na ndugu waliolishwa kwa siri, isipokuwa mama mkwe mara moja, na hilo wote wawili walilifahamu. Tulichokikuta ni vitu vidogo vidogo, vingi kama mchanga. Vifurushi vya intaneti vya shilingi mia tano na elfu moja, karibu kila siku, na siku nyingine mara mbili. Mikeka ya mpira ya elfu moja moja. Mikopo ya simu ya elfu kumi na elfu kumi na tano, iliyolipwa na kukopwa tena ndani ya juma lilelile. Mke naye alikuwa amekopa mara mbili, ili anunue ngano na mafuta baada ya mtaji kuliwa, na hakuthubutu kusema. Juu ya hayo yote, makato. Kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwa mwezi mzima kilikuwa viatu vya shule vya mtoto. Tulipojumlisha vifurushi, mikeka na gharama za mikopo, jumla ilikaribia bei ya gunia la mahindi. Yule bwana aliutazama mstari wa mwisho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, mimi sikununua kitu."

Maneno hayo yamenikaa kichwani juma zima, kwa sababu alikuwa akisema kweli kadiri alivyoijua. Hakuna siku hata moja aliyotoka nyumbani kwenda kununua. Hakuna siku aliyotoa noti mfukoni, akaitazama, akaona moyo unamuuma, akairudisha.

Waliokulia vijijini wanakikumbuka kihenge cha nafaka. Hakuna aliyehitaji elimu ya hesabu ili ajue hali ya nyumba. Mama alipolazimika kuinama na kuuzamisha mkono hadi begani ndipo ayafikie mahindi, nyumba nzima ilijua kwamba mavuno yako mbali na chakula kiko karibu kwisha. Watoto walijua, wageni walijua, hata kuku walijua. Fedha taslimu nayo ilikuwa na mwili. Ilifungwa katika pindo la kanga, ilitiwa katika kibubu, ilihesabiwa juu ya mkeka (mkeka wa kulalia, si ule wa kubeti), na kupungua kwake kulionekana kwa macho. Fedha iliyomo katika simu ni kihenge kisicho na mlango wa kuchungulia. Anayeiona ni mmoja tu, mwenye namba ya siri, naye huona tarakimu, tena aghalabu baada ya kuwa ametumia. Wengi husema kwamba uchumi huu wa kidijitali umetufanya tupende vitu kuliko walivyovipenda babu zetu. Sidhani. Babu zetu walipenda vitu sana. Badiliko kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba uamuzi wa matumizi umehama kutoka kwenye jamvi la familia na kuingia katika kiganja cha mtu mmoja, gizani, akiwa amelala.

Nisieleweke vibaya. Wapo wenzangu wanaoihubiri simu kana kwamba ndiyo nyoka wa bustanini. Mimi siwezi, kwa kuwa nakumbuka tulikotoka. Katika miaka ya tisini, kijana aliyekuwa Dar es Salaam akitaka kumpelekea mama yake fedha ya dawa, aliitia katika bahasha, akampa kondakta wa basi, akasali. Bahasha nyingine zilifika. Nyingine zilifika zimepungua. Nyingine zilifika baada ya mazishi.

Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya; mwaka 2008 Vodacom ikaileta huduma hiyo Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata na huduma za kwao. Wanauchumi wawili, William Jack na Tavneet Suri, walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo ambayo kila anayeidharau simu angepaswa kuyajua. Kaya isiyotumia M-Pesa ilipopatwa na pigo, kama vile ugonjwa, kupoteza kazi au kuharibikiwa na mavuno, ilipunguza matumizi yake kwa takriban asilimia 7. Kaya iliyotumia M-Pesa, ilipopatwa na pigo kama hilo, haikulazimika kupunguza, kwa kuwa ndugu na marafiki waliituma fedha, wengi wao kutoka mbali. Asilimia saba kwa mwenye gari ni safari asiyosafiri. Kwa nyumba inayokula karibu chote inachokipata, asilimia saba ni sahani ya mtoto. Mwaka 2016 wanauchumi haohao waliandika katika jarida la Science kwamba huduma hiyo ilikuwa imezitoa takriban kaya 194,000 za Kenya katika ufukara, yaani kama asilimia 2 ya kaya zote za nchi ile, na kwamba nafuu ilikuwa kubwa zaidi katika kaya zinazoongozwa na wanawake.

Kwangu mimi takwimu hizo zina sura za watu. Nimekwisha kuketi usiku katika korido ya hospitali pamoja na mjane ambaye binti yake alihitaji upasuaji, nikaiona simu yake ndogo ya vitufe ikitetemeka mara moja, mara mbili, mara tano, kaka yake wa Mbeya, jirani yake wa zamani, mwenyekiti wa jumuiya. Na kabla ya alfajiri fedha ilikuwa imetimia. Nani angethubutu kumwambia mama huyo kwamba simu ni ya shetani?

Lakini njia iliyomleta ndugu mpaka mlangoni haikufungwa nyuma yake. Wengine nao waliiona ni njia nzuri.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kuna agizo ambalo kwa miaka mingi nililisoma harakaharaka nikielekea kwenye mambo mengine. Mtu akimkopesha jirani yake, haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya jirani huyo ili achukue rehani. Yampasa asimame nje, angoje mpaka mdaiwa amletee mwenyewe. Na mdaiwa akiwa maskini aliyeweka rehani nguo yake ya kujifunikia, arudishiwe kabla ya jua kuchwa, apate kulala ndani yake. Zamani nilidhani hilo ni suala la adabu tu. Sasa naona ni sheria ya uchumi wa nyumbani, tena yenye hekima kuliko nyingi za siku hizi. Mungu haamuru kwamba deni lisilipwe. Anaamuru kwamba deni liwe na kizingiti. Nje, mkopeshaji ana haki yake. Ndani, mwenye nyumba ndiye anayeamua ni kitu gani kitoke na ni kitu gani kibaki, kwa kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba sufuria ile ndiyo inayopikiwa uji wa mtoto.

Mkopeshaji wa simu hasimami nje. Analala nasi chini ya mto.

Novemba 2012 mkopo wa M-Shwari ulipoanza nchini Kenya, na mwaka 2014 M-Pawa ilipoanza Tanzania, watu wengi walifurahi, na walikuwa na sababu. Hapakuwa na fomu, wala mdhamini, wala hati ya kiwanja. Historia ya matumizi ya simu yako ndiyo iliyosimama kama mdhamini. M-Shwari ilianza kwa gharama ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukichukua shilingi 10,000 za Kenya, unarudisha 10,750. Kwa masikio si kitu. Lakini anayeukopa, akaulipa, akaukopa tena kila mwezi, hadi mwaka unapokwisha atakuwa amelipa shilingi 9,000 kwa ajili ya elfu kumi ileile, na hiyo elfu kumi bado anadaiwa.

Kisha ikaja ile ya kujazia salio. Kenya wana Fuliza, iliyozinduliwa Januari 2019; nasi huku tunazo za kwetu. Unataka kulipa, salio halitoshi, simu inakuuliza kama ungependa ikuongezee. Unabonyeza. Fedha yoyote itakayoingia baadaye, kabla hujaigusa, deni linakatwa kwanza. Nami nimo. Mwaka jana nilikuwa nalipia betri ya pikipiki ya parokia, nikabonyeza namba moja bila kusoma vizuri, nikasahau. Baada ya siku nne muumini mmoja alinitumia sadaka ya Misa ya kumwombea marehemu baba yake. Ilifika imekatwa. Nilicheka peke yangu sebuleni, halafu nikanyamaza, kwa kuwa nilimkumbuka bibi mmoja wa kigangoni ambaye hutumiwa fedha ya dawa za presha na mwanawe kila tarehe tano, na simu anayopokelea fedha hiyo ni ya mjukuu. Mjukuu akijazia salio tarehe tatu kwa ajili ya kifurushi, bibi amelipa kwa vidonge. Mwana amemtumia mama yake. Mkopeshaji amekwisha kuwapo chumbani anangoja. Hata huyo bibi hajui kwamba kuna mtu aliyeingia.

CGAP, taasisi iliyo chini ya Benki ya Dunia inayoshughulikia huduma za fedha kwa maskini, ilichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwahoji wakopaji wa simu wa Kenya na Tanzania. Matumizi ya kawaida zaidi ya mikopo hiyo yalikuwa mahitaji ya kila siku ya nyumbani. Takriban nusu ya wakopaji katika nchi zote mbili walikuwa wamewahi kuchelewa kulipa, na hapa Tanzania karibu theluthi moja walikuwa wameshindwa kabisa kulipa walau mara moja. Mmoja kati ya watano nchini Kenya, na asilimia 9 hapa kwetu, walisema wamewahi kupunguza ununuzi wa chakula ili walipe mkopo. Hebu tuutazame mzunguko huo: mtu anakopa ili ale, kisha anaacha kula ili alipe.

Taasisi hiyo iligundua jambo jingine ambalo mimi, kama mtu wa kusikiliza watu, halikunishangaza. Mikopo iliyochukuliwa mchana, wakati wa biashara, ndiyo iliyolipwa vizuri zaidi. Iliyochukuliwa usiku wa manane ndiyo iliyochelewa zaidi. Duka la Mpemba hufungwa saa nne usiku. Benki hufungwa alasiri. Hata mkopeshaji wa mtaani, yule wa kausha damu, hulala. Zamani usiku wenyewe ulikuwa ulinzi wa mwanadamu dhidi ya matamanio yake na hofu zake. Mtu aliyeamka saa tisa usiku akiwaza ada ya shule hakuwa na la kufanya ila kusali au kugeuka upande wa pili. Leo anaweza kukopa.

Kanisa si geni katika mabishano haya, ingawa nitapita haraka. Mwaka 1462, mjini Perugia, Wafransisko walihimiza kuanzishwa kwa Monte di Pietà, nyumba ya kuwakopesha maskini kwa rehani na kwa gharama ndogo, ili wasiangukie mikononi mwa wenye riba kubwa. Wapo waliowashutumu kwamba hata gharama ndogo ni riba, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterano ulipoziruhusu nyumba hizo mwaka 1515. Papa Benedikto wa Kumi na Nne aliandika juu ya riba mwaka 1745, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita, katika waraka wake wa mwaka 2009, Caritas in Veritate, aliirudia hoja ya kuwalinda wanyonge dhidi ya wakopeshaji wa namna hiyo. Kinachonivutia ni wale watawa wa Perugia. Hawakuishia kuhubiri dhidi ya mkopo. Walijiuliza: mtu huyu akinyimwa huku, atakwenda kwa nani?

Nalisema hilo kwa sababu najua jibu la baadhi yenu. Mtasema: Padre, kabla ya simu tulikopa kwa watu waliobeba godoro na jiko siku ya marejesho. Ni kweli. Nimeingia katika nyumba iliyobebwa namna hiyo. Watoto walikuwa wamekaa juu ya sakafu tupu wakila viazi katika mfuko wa plastiki. Sitamani turudi huko. Na tusidanganyike kwamba simu imewaondoa watu hao. Wengine wamehamia humo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Miongoni mwa programu za mikopo ya simu zimekuwapo zile zinazochukua orodha ya majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na anapochelewa, zinawaandikia watu hao. Mimi mwenyewe nilipokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu mwanakwaya wetu mmoja, ukiniambia nimhimize alipe kwa kuwa ameniandikisha kuwa mdhamini wake. Sikuwahi kuwa mdhamini wake. Kijana huyo hakuonekana kanisani kwa majuma matano. Deni lake lilikuwa shilingi elfu thelathini na mbili.

Serikali na mashirika hutuletea semina za elimu ya fedha, na ukumbi wetu huwa wazi kwa ajili yao. Lakini nimeketi katika semina hizo mara kadhaa, na hutoka nikiwa na uchungu. Mama anayeuza maandazi hufundishwa kutofautisha hitaji na matamanio. Ndugu zangu, mama huyo angeweza kumfundisha mwalimu wake! Amekuwa akitofautisha hitaji na matamanio kila siku tangu alipoolewa. Hakuna semina ambamo nimesikia mtengenezaji wa programu akiulizwa kwa nini kitufe cha kukopa kinang'aa na maelezo ya gharama yako katika maandishi ya sisimizi. Kumlaumu mwenye nyumba peke yake, ilhali mgeni ameingia bila hodi, si haki.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wenye mamlaka, nami naliomba kama raia. Mtumishi wa umma wa Tanzania akikopa benki, makato hayaruhusiwi kuigusa theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kila mwalimu anaijua kanuni hiyo kwa jina la theluthi moja tu. Sababu yake ni ileile ya nguo ya usiku katika Torati. Basi fedha inayoingia katika simu ya mkulima au ya mama lishe nayo iwe na theluthi yake isiyokatwa. Mkopeshaji atalipwa, lakini atalipwa taratibu, na bibi atapata vidonge vyake. Ikiwa mwalimu anastahili ulinzi huo, sioni kwa nini bibi asiustahili.

Nimefika sasa mahali nisipopapenda. Mwaka jana, tulipoanza michango ya paa, tuliweka namba ya malipo ya parokia, na mhazini, kwa maelekezo yangu, akawa anabandika kila jioni katika kundi la WhatsApp orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa. Michango ilipanda. Nilifurahi. Baadaye mama mmoja alinieleza, bila kulalamika, kama anayesimulia habari za mvua, kwamba alikuwa amekopa shilingi elfu ishirini katika simu ili jina lake lisikosekane siku ya Dominika. Nilimuuliza kama wapo wengine. Akacheka. Na hayo ni ya kanisani. Mwongeze kamati za harusi, sherehe za kumuaga binti, kipaimara, ambamo kadi ya mchango humfikia mtu kitandani na majina ya waliokwisha kutoa yamewekewa alama ya tiki. Sisi wenyewe tumevuka kizingiti cha watu. Orodha ile nimeisimamisha. Michango imepungua, na ndiyo maana paa bado halijakamilika. Wazee wa baraza mnaoninung'unikia, sababu ni hiyo, na sitaibadili.

Baadhi ya wazee haohao wameniomba nihubiri kwamba wanandoa wajuane namba za siri. Nimekataa, na afadhali nieleze kwa nini. Nawafahamu akina mama wa parokia hii ambao kwa mara ya kwanza maishani wameweza kuweka akiba kwa sababu iko mahali ambapo mkono wa mume mlevi hauwezi kufika. Pindo la kanga lilionekana na wote, naam, na yeye pia aliliona. Akiba ya mama ya ada ya mtoto haina sababu ya kutangazwa kwa mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba ataibeba. Deni ni jambo tofauti. Deni la simu huandikwa kwa jina la mmoja na kulipwa na wote, na watoto hulilipa kwa uji mwepesi. Hivyo siombi simu ziwe wazi. Naomba madeni yawe wazi. Jioni moja kwa mwezi, baada ya kula, kila mmoja aseme anadaiwa nini na nani, ametumia kiasi gani kwa vifurushi na kwa kubahatisha, na kiandikwe katika karatasi inayokaa mahali ambapo mwingine anaweza kuisoma. Kwa kalamu, si katika simu.

Kuhusu mfuko wa dharura wa jumuiya, ambao jumuiya mbili zimeniuliza: ndiyo, uanzeni, lakini uwe mdogo. Hatujasahau mfuko ule uliokwisha mikononi mwa viongozi wake, na sitaki tuanze na fedha nyingi kuliko uaminifu tulio nao. Uwe wa kumwezesha mtu kununua debe la mahindi au dawa, bila riba, na mkopeshwaji ajulikane kwa watu watatu tu.

Wale mume na mke walirudi jana jioni. Nilidhani wameleta ugomvi mwingine, kumbe walikuja kuomba zile kurasa za nyuma za daftari la zaka. Nilizichana nikawapa. Mume aliniambia kwamba amekwisha kuondoa programu mbili katika simu. Ya mpira bado, hakutaka kunidanganya. Wanadaiwa shilingi elfu arobaini na moja, zote mbili zikijumlishwa. Mama alikuwa amekuja na maandazi katika kikapu, akahesabu kumi juu ya meza yangu, na nilipotaka kumlipa kwa simu akaniambia, "Baba, kama unayo taslimu ingekuwa vizuri zaidi, kwa juma hili."

Sikuwa nayo. Niliazima kwa katekista.

Tuonane Dominika.